Saini Bila Maelezo Si Ridhaa

Hakuna karatasi inayosainiwa haraka hospitalini kama fomu ya ridhaa ya upasuaji. Mama yuko kwenye uchungu, daktari wa zamu ameshaamua afanyiwe upasuaji, muuguzi anamshikisha kalamu: "Mama, saini hapa." Asiyejua kuandika anapakwa wino kwenye dole gumba. Faili linafungwa, kitanda kinasukumwa. Wahudumu wengi wa afya huamini kwamba kuanzia hapo sheria haina neno nao. Mahakama zimekuwa zikisema vinginevyo.

Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Namibia iliamua kesi ya wanawake watatu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Walijifungua kwa upasuaji katika hospitali za serikali, na papo hapo wakafungwa kizazi. Utetezi wa serikali ulikuwa mwepesi: saini zao hizi hapa. Ni kweli, zilikuwepo. Lakini jambo walilolisainia lilikuwa limeandikwa kwa kifupisho, BTL, herufi tatu ambazo daktari huzisoma bila kufikiri na ambazo kwa mgonjwa hazina maana yoyote. Mahakama ilisema mtu aliyeletewa fomu akiwa katikati ya uchungu hakuwa na nafasi ya kupima jambo la kudumu kama hilo, tena jambo ambalo lingeweza kusubiri. Dai kwamba walibaguliwa kwa sababu ya virusi halikuthibitika. Dai la kukosa ridhaa lilishinda. Maana yake ni kwamba mhudumu anaweza kuwa hana chuki na mtu yeyote na bado akawa amevunja haki ya mgonjwa.

Kenya nako, Desemba 2022, Mahakama Kuu iliamuru mwanamke aliyefungwa kizazi alipojifungua kwa upasuaji mwaka 2006 alipwe shilingi milioni tatu za nchi hiyo. Alikuja kujua alichofanyiwa miaka kadhaa baadaye.

Ridhaa ina nguzo tatu. Kwanza, mgonjwa awe na uwezo wa kuamua, yaani awe mtu mzima mwenye akili timamu na fahamu zake. Pili, awe ameelezwa akaelewa. Tatu, akubali kwa hiari, bila kutishwa wala kusukumwa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imeitandaza nguzo ya pili wazi: mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na kwamba ana haki ya kukataa, yote hayo kwa lugha anayoielewa. Tanzania msingi wake ni sheria ya kawaida iliyorithiwa kutoka Uingereza: kumgusa mtu mwili bila ridhaa yake ni kosa, hata kama mguso huo umemponya. Kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu humkinga na jinai mpasuaji aliyefanya kazi kwa nia njema, uangalifu na ujuzi, pale upasuaji unapokuwa wa manufaa kwa mgonjwa na wa busara kwa hali yake. Kinga hiyo haimzuii mgonjwa kudai fidia mahakamani wala kupeleka malalamiko kwenye baraza la taaluma.

Swali linalowasumbua madaktari ni kiasi cha kueleza. Zamani mahakama za Uingereza ziliridhika ikiwa madaktari wengine wangesema nao wasingeeleza zaidi ya pale. Mwaka 2015 kipimo hicho kiliwekwa kando. Mama mmoja wa Scotland, mfupi wa umbo na mwenye kisukari, hakuambiwa kwamba mabega ya mtoto hukwama wakati wa kuzaliwa kwa takribani wajawazito 9 hadi 10 katika kila 100 wenye kisukari. Daktari alieleza kuwa hakumwambia kwa sababu wengi wakiambiwa huchagua upasuaji. Mabega yalikwama kweli, na mtoto akapata ulemavu wa kudumu. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimpa mama ushindi: kinachopaswa kusemwa ni kile ambacho mtu mwenye busara, akiwa katika hali ya mgonjwa huyo, angekitaka kabla ya kuamua. Hukumu za Uingereza hazizifungi mahakama zetu, lakini husomwa na kuheshimiwa. Nayo sababu aliyoitoa daktari ndiyo hasa iliyomhukumu. Ukificha jambo kwa kuhofia mgonjwa atachagua tofauti, umeshamchagulia.

Hayo yote hayadai hotuba. "Mama, mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka. Tukisubiri njia ya kawaida tunaweza kumpoteza. Tunataka tumtoe kwa upasuaji. Utachomwa sindano ya ganzi mgongoni, utakuwa macho ila hutasikia maumivu. Unaweza kutoka damu nyingi, na tumeshaandaa damu. Unaona tufanyeje?" Maneno hayo hayamalizi hata dakika moja. Kufunga kizazi hakuingizwi humo. Hilo lina siku yake, kliniki ya wajawazito, mama akiwa ametulia na ana muda wa kwenda kulifikiria nyumbani.

Kuna pia desturi ya kumsubiri mume. Mke ni mtu mzima, anaongea na anaelewa, lakini upasuaji unasimama hadi bwana apatikane kwenye simu. Sheria ya Tanzania haidai hivyo, wala ya Kenya. Kumshirikisha mume ni jambo jema mke akilitaka, ila saini inayohesabika ni ya mwenye mwili. Damu ikiendelea kumwagika huku mume anatafutwa, atakayeulizwa kwa nini mgonjwa alicheleweshwa ni mhudumu.

Dharura ina mlango wake. Mgonjwa aliyezimia, hana ndugu karibu, na kuchelewa kutamuua au kumwachia madhara yasiyorekebishika, atibiwe, na sababu ziandikwe kwenye faili. Mlango huo hufungwa pale mgonjwa alipokwisha kukataa akiwa na akili zake. Huko Ontario, Kanada, daktari alimwongezea damu majeruhi aliyezimia ambaye mkoba wake ulikuwa na kadi iliyosainiwa ikisema yeye ni Shahidi wa Yehova na hataki damu kwa hali yoyote. Majeruhi alipona, akashtaki, akapewa fidia ya dola 20,000, na mwaka 1990 mahakama ya rufaa ikaithibitisha. Kwa mtoto mambo ni tofauti: mzazi huamua kwa niaba yake, lakini Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inatanguliza maslahi ya mtoto. Mzazi akikataa tiba ya kuokoa maisha, mhudumu asikae kimya. Apeleke suala kwa wakubwa wake na ustawi wa jamii mara moja.

Katika haya yote, aliye pagumu zaidi ni muuguzi. Mara nyingi daktari ndiye anayepaswa kueleza, lakini fomu hubebwa na muuguzi, na jina lake huandikwa chini kama shahidi. Kabla ya kutoa kalamu, amwambie mgonjwa: "Hebu nieleze wewe, unakwenda kufanyiwa nini?" Jibu likiwa "sijui, daktari ndiye anajua", fomu irudi mezani na daktari aitwe. Huko si kumkaidi mkubwa. Muuguzi anayeweka jina lake kwenye ridhaa ambayo anajua haipo ndiye atakayesimama kizimbani kuieleza.