Chakula Kikavu cha Mbwa: Namba za Mfuko na Kilichomo Ndani (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulisimulia jinsi James Spratt, Mmarekani aliyevuka bahari kwenda London katikati ya karne ya 19, alivyoanza kuwauzia Waingereza biskuti za mbwa zilizookwa kwa unga wa ngano, mboga na nyama, na jinsi kampuni ya Purina ya Marekani ilivyoleta sokoni, mwaka 1957, chakula cha punje zilizoumuliwa kwa joto na mvuke, ambacho hivi leo kimeenea hata katika maduka ya dawa za mifugo ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Tangu hapo wasomaji wameniuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: mifuko miwili imesimama rafuni, mmoja bei yake ni mara tatu ya mwenzake, na juu ya yote miwili pamechorwa mbwa mwenye manyoya yang'aayo, mnunuzi afanyeje ili ajue kilicho bora? Jibu langu ni refu kidogo, kwa kuwa namba zilizochapwa juu ya mfuko aghalabu ni za kweli, ila hazikupima kitu kile ambacho mnunuzi hudhani zimepima, na mtu asiyeijua tofauti hiyo ataisoma lebo kutoka juu hadi chini akatoka na hukumu iliyo mbali na haki.

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili lastahili taabu yote hii. Mbwa azururaye mtaani hula ukoko wa wali leo, vichwa vya dagaa kesho, na panya au mfupa keshokutwa, na katika mchanganyiko huo upungufu wa kitu kimoja huzibwa na kingine. Lakini mbwa afungiwaye nyuma ya lango hula kitu kimoja asubuhi na kitu kile kile jioni, mwaka mzima, hata kosa dogo la mtengenezaji likajirudia kinywani mwake zaidi ya mara mia saba kabla mwaka haujaisha. Sisi watu wa pwani, ambao wengi wetu hujiepusha na mate yake kwa ajili ya twahara, twamfuga hata hivyo kwa ulinzi wa nyumba, shamba na mifugo, na sheria imeturuhusu; na mwenye kumfungia kiumbe mlango wa kujitafutia riziki amejitwika dhamana ya kumtafutia yeye.

Sasa tuushike mfuko, tuugeuze ubavu. Namba nne hukutwa karibu kila mahali: protini ghafi isiyopungua kiasi fulani, mafuta ghafi yasiyopungua kiasi fulani, nyuzinyuzi zisizozidi, na unyevu usiozidi. Wasimamizi wa vyakula vya mifugo wa Marekani, ambao umoja wao hujulikana kwa herufi AAFCO, wameweka kwamba chakula cha mbwa mzima kisipungue asilimia 18 ya protini na 5.5 ya mafuta, na cha watoto wa mbwa na cha jike mwenye mimba au anyonyeshaye kisipungue asilimia 22.5 na 8.5, na hesabu hizo hufanywa kana kwamba maji yote yametolewa. Mfuko, kinyume chake, huhesabu pamoja na maji. Kwa hiyo ukiona protini asilimia 22 na unyevu asilimia 10, gawa 22 kwa tisini zilizobaki, utapata kama 24.4 katika mia. Na mkebe wa chakula laini ulioandikwa protini asilimia 8 na unyevu asilimia 78, ambao kwa jicho waonekana fukara, ukigawa nane kwa ishirini na mbili utapata zaidi ya 36. Kikavu na cha mkebe havilinganishwi mpaka vyote viwili vimekaushwa kwa kalamu.

Neno lililo zito katika namba hizo ni hilo dogo, ghafi. Kipimo hiki hakigusi protini yenyewe. Mwaka 1883 mwanakemia wa Denmark, Johan Kjeldahl, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen na akitaka kujua protini iliyomo katika nafaka za kutengenezea bia, alivumbua njia ya kukichemsha kitu katika asidi kali mpaka naitrojeni iliyomo ndani yake ijitenge na kuhesabika. Na kwa kuwa protini, kwa wastani, ina asilimia 16 ya naitrojeni, hesabu hiyo huzidishwa kwa 6.25, na jibu ndilo liitwalo protini ghafi. Njia hiyo ni ya busara na imeufaa ulimwengu kwa zaidi ya karne moja, walakini haiulizi naitrojeni imetoka wapi. Ini la ng'ombe lina naitrojeni. Unyoya wa kuku una naitrojeni. Kwato na ngozi ya kiatu zina naitrojeni. Na mbele ya chupa ya Kjeldahl vyote hivyo vina daraja moja, ilhali mbele ya tumbo la mbwa ini husagika likawa damu na misuli, na unyoya usiosindikwa hutoka karibu kama ulivyoingia.

Watu wenye nia mbaya waliitambua siri hiyo. Melamini ni unga mweupe utumikao kutengenezea sahani za plastiki ngumu, na theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni, hata ukiipitisha katika hesabu ile, kilo moja ya melamini husomeka kama zaidi ya kilo nne za protini. Mwezi wa Machi 2007 kampuni ya Menu Foods ya Kanada ilianza kurudisha kutoka madukani mikebe na vifuko vya chakula cha mbwa na paka vilivyozidi milioni 60, baada ya wanyama kufa kwa maradhi ya figo. Na uchunguzi ukaonyesha kwamba kile kilichonunuliwa China kwa jina la gluteni ya ngano kilikuwa unga wa ngano uliotiwa melamini, na pamoja nayo asidi ya sianuri, ambazo zikikutana ndani ya figo hugandamana na kuwa fuwele, mkojo ukakosa njia. Muda si mrefu baadhi ya vyakula vikavu navyo vikarudishwa, kwa kuwa protini ya mchele iliyotoka huko ilikuwa imeghushiwa vivyo hivyo. Mwaka uliofuata hila ile ile ilikutwa katika maziwa ya unga ya watoto wachanga wa China, na watoto wapatao laki tatu wakaugua na sita wakafa. Nimekikalia kisa hiki kwa makusudi, kwa sababu kila mkebe katika ile milioni 60 ulikuwa na namba yake ya protini, na namba ile, kwa kipimo kilichotumika, ilikuwa sahihi.

Chini ya namba huja orodha ya viungo, ambayo kwa kanuni hupangwa kwa uzito, kilicho kizito zaidi kikatangulia. Hapa mnunuzi hupenda kumwona kuku akiongoza, na mtengenezaji anaijua shauku hiyo. Lakini kuku mbichi ni maji kwa asilimia 70 hivi, naye alipimwa pamoja na maji yake kabla ya kuingia mtamboni. Chukua mchanganyiko wenye kilo 20 za kuku mbichi na kilo 18 za unga wa mahindi: kuku ndiye atakayeongoza orodha, lakini maji yakisha kutoka, kuku amebaki kilo sita na mahindi yamebaki karibu kilo kumi na sita. Kuna na hila ya pili, ya kuigawa nafaka moja kwa majina matatu, unga wa mahindi, gluteni ya mahindi na pumba za mahindi, kila moja ikashuka chini ya nyama, ilhali zikijumlishwa zingekaa juu ya vyote. Unga wa kuku, ambao wengi huudharau kwa ajili ya jina lake, umekwisha kukaushwa kabla ya kupimwa, na kilo yake moja ina protini nyingi kuliko kilo moja ya kuku mbichi. Wala mtu asitishwe na kusoma ini, mapafu na matumbo. Watu wafunguao kinywa kwa supu ya utumbo hawana haja ya kuelezwa kwamba ndani ya mnyama mna chakula. Kinachonitia shaka mimi ni kile kisichotajwa jina, yaani palipoandikwa nyama tu, au mazao ya wanyama tu, bila kusema ni mnyama gani, maana hapo mtengenezaji amejiachia ruhusa ya kubadili mali ghafi kila bei ibadilikapo, na tumbo la mbwa lipokee mabadiliko hayo bila taarifa.

Juu ya ugomvi wa nafaka sitakaa sana. Utafiti uliochapwa mwaka 2013 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwa mwitu wa Ulaya aliye jamaa yake, ana nakala nyingi za jeni ya kimeng'enya kisagacho wanga, kwa hiyo mahindi au mchele uliopikwa vema si sumu kwake. Na tangu Julai 2018 wakuu wa chakula na dawa wa Marekani walichunguza maradhi ya moyo kwa mbwa waliokuwa wakila vyakula visivyo na nafaka, vilivyojaa njegere na dengu badala yake, bila kuthibitisha sababu. Yatosha kusema kwamba maneno "bila nafaka" si cheti cha ubora.

Sentensi ninayoitafuta mimi kabla ya zote ni ile isemayo kwamba chakula ni kamili na chenye uwiano, kwa mbwa wa umri gani, na ithibati yake ni ipi. Kama imeandikwa kuwa ni chakula cha nyongeza, basi hakikukusudiwa kuliwa peke yake, hata picha iliyo juu yake ikiwa nzuri namna gani. Ithibati huja kwa njia mbili: ama kwa hesabu ya viungo na maabara, ama kwa kuwalisha mbwa wenyewe, na jaribio la AAFCO kwa mbwa wazima hutaka mbwa wasiopungua wanane, kwa majuma 26, ambao uzito na damu zao hupimwa. Wanane ni wachache, na nusu mwaka si umri wa mbwa, lakini napenda kujua kwamba kuna tumbo lililokijaribu chakula kabla ya tumbo la mbwa wangu. Katika mifuko itokayo Afrika Kusini, ambayo ni mingi katika maduka yetu, tafuta vilevile namba ya usajili ianzayo na herufi V, pamoja na kutajwa kwa Sheria Namba 36 ya mwaka 1947. Mfuko wa huko usio na namba hiyo haukusajiliwa, na hauna haki ya kuaminiwa.

Adui mkubwa kuliko wote, hata hivyo, haandikwi popote. Ni sumukuvu, sumu itokayo katika ukungu unaoota juu ya mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, ambayo Afrika Mashariki inaijua kwa msiba: mwaka 2004 watu 317 waliugua huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani nchini Kenya, na 125 wakafa, na mwaka 2016 ikaua tena katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Nafaka iliyokataliwa kwa unga wa watu hutafuta mlango mwingine, na mlango ulio karibu ni chakula cha mifugo. Joto la mtambo huua ukungu, haliondoi sumu. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mbwa zaidi ya 110 waliripotiwa kufa Marekani kwa chakula kikavu kilichozidisha kiwango cha sumukuvu, ambacho huko hakiruhusiwi kupita sehemu 20 kwa bilioni. Na ikiwa hayo yamewafika wenye maabara kila mji, sisi hatuna udhuru wa kulala. Muulize mtengenezaji, hususan wa hapa nyumbani, kama mahindi yake hupimwa kabla ya kusagwa, na asiyekuwa na jibu muache na mfuko wake. Mbwa akikataa ghafla chakula alichokizoea, akatapika, akanyong'onyea, na ufizi au weupe wa jicho ukageuka manjano, ondoa bakuli saa ile ile na umpeleke kwa daktari pamoja na mfuko.

Nami katika hili la kukataa chakula nilikosea, na kosa langu nalisema ili lisirudiwe. Katika masika ya mwaka mmoja nilinunua chakula cha kupimiwa kwa kilo kutoka gunia lililokuwa wazi dukani, kwa kuwa bei ilikuwa nafuu. Jike langu la mbwa alikinusa, akanitazama, akaondoka. Nilidhani ni deko, nikamwacha na njaa siku nzima na nusu, mpaka nilipoinama mimi mwenyewe nikanusa, nikakuta harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa mara nyingi. Nilipaswa kuinama tangu siku ya kwanza. Mafuta ya chakula kikavu hayachanganywi yote ndani. Sehemu yake kubwa hupulizwa juu ya punje baada ya kukaushwa, ili zimvutie mbwa, kwa hiyo ndiyo yanayokutana na hewa kwanza, na katika joto na unyevu wa pwani huchacha upesi. Nunua mfuko uliofungwa, wenye tarehe iliyo mbali, na wa kadiri ambayo mbwa wako ataimaliza katika mwezi. Kisha uutie mzima mzima ndani ya ndoo yenye kifuniko, usimwage punje ndani ya ndoo, kwa sababu mafuta ya zamani hubaki ukutani mwake na kuambukiza mapya.

Baada ya hayo mpe mbwa nafasi ya kutoa ushahidi wake. Mbadilishie chakula kidogo kidogo kwa siku saba au kumi, kisha umtazame kwa majuma sita au manane: kinyesi kiwe kigumu kiasi cha kuokoteka na kisiwe kingi, maana chakula kisichosagika hutoka kwa wingi, manyoya yasikauke wala ngozi isitoe magamba, na mbavu zipapasike chini ya kiganja bila kuonekana kwa mbali. Chakula cha bei ya juu kilichoshindwa mtihani huu kimeshindwa, na cha bei ya kati kilichofaulu sina sababu ya kukikataa.

Imebaki habari ya kiasi, yaani kibaba cha asubuhi na cha jioni, ambayo peke yake yaweza kuharibu au kuokoa kazi yote ya juu. Nayo, inshallah, tutaifikia juma lijalo, tukianza na Labrador 48 wa Marekani, ambao nusu yao walilishwa pungufu ya robo kuliko ndugu zao tangu udogo hadi kufa, wakaishi takriban miaka miwili zaidi.