Hospitali za Kaunti Zinapoikopesha Serikali

Mama amejifungua salama katika hospitali ya kaunti, na kesho yake anaruhusiwa kwenda nyumbani. Kwa kuwa amejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na michango yake imelipwa, hadaiwi kitu dirishani. Bei ya huduma aliyopata imepangwa na serikali: shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida, 30,000 kwa uzazi wa upasuaji. Karani anatuma madai kwa njia ya mtandao, mama anashika njia na mtoto wake, na tangu saa hiyo hospitali inaidai serikali.

Glavu zilizotumika leba hazirudi. Uzi wa kushonea, dripu, sindano ya kuzuia damu, dizeli ya jenereta, unga wa uji wa wazazi, vyote vimeshatumika na vinahitaji kununuliwa upya kabla ya mama mwingine kufika usiku huo huo. Malipo ya SHA yakija baada ya mwezi mmoja, msimamizi wa hospitali anapumua. Yakija baada ya miezi minne, anaanza kumbembeleza mzabuni wa chakula, kisha wa oksijeni. Mwisho muuguzi anamwandikia mgonjwa karatasi akanunue dawa duka la nje, na huyo mgonjwa ni yule yule aliyekwisha kukatwa mchango wa bima.

Mjadala wa afya nchini Kenya umekwama kwa muda mrefu kwenye swali moja: fedha zinatosha au hazitoshi? Swali hilo lina uzito wake. Lakini mtu akikaa na vitabu vya hesabu vya hospitali ya umma ataona kwamba njia ambayo fedha hupitia, na siku zinapofika, huamua mengi kuliko kiasi kilichosomwa kwenye bajeti.

Hospitali ya kaunti hula kutoka vyungu kadhaa. Mishahara ya madaktari, wauguzi na maafisa wa kliniki hulipwa na kaunti, kwa sehemu kubwa kutoka mgao wa mapato ya taifa. Hazina Kuu ikichelewesha mgao huo, mishahara huchelewa na migomo hufuata. Dawa nyingi hutoka KEMSA, wakala wa serikali wa vifaa vya tiba, ambaye mara nyingi kaunti huchukua mzigo kwake kwa mkopo. Huduma zenyewe hununuliwa na SHA. Kisha kuna fedha taslimu za dirishani, kutoka kwa wasio na bima au wanaohitaji huduma isiyo kwenye kitita cha mafao. Kila chungu kina mwenyewe na kalenda yake, na mgonjwa hana habari na kalenda hizo.

Ada za dirishani zina historia ndefu. Zilianzishwa Desemba 1989, zikasitishwa mwaka uliofuata baada ya wagonjwa kupungua hospitalini, kisha zikarudishwa hatua kwa hatua kuanzia 1992. Pamoja na ubaya wake kwa maskini, zilikuwa na jambo moja jema: hospitali ilibaki na sehemu kubwa ya alichotoa mgonjwa, ikanunua inachokosa. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 jambo hilo lilivurugika. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka mapato yote ya kaunti yaingie katika Mfuko wa Mapato wa kaunti, isipokuwa yale yaliyoondolewa na sheria ya Bunge. Kaunti nyingi zikakusanya mapato ya hospitali pamoja na ya masoko na maegesho ya magari. Hospitali iliyochuma mamilioni ikawa inaandika barua makao makuu kuomba fedha za sabuni.

Mwaka huo huo, tarehe 1 Juni, serikali ilifuta ada katika zahanati na vituo vya afya vya umma na kufanya uzazi kuwa bure katika hospitali za umma. Baadaye mpango wa uzazi ulihamishiwa kwa bima ya taifa, NHIF, ukaitwa Linda Mama. Wanawake waliitikia, wodi zikajaa. Fidia ya serikali, ilipofika, ilikuwa inaingia katika mfuko ule ule wa kaunti. Mkunga aliyezalisha usiku kucha hakuona hata pazia jipya likitundikwa wodini kwa jasho lile. Naamini hapo ndipo wafanyakazi wengi walipovunjika moyo, na moyo wa mfanyakazi haununuliwi kwa mgao wa nyongeza.

Ndiyo maana, kati ya sheria nne za afya zilizotiwa saini tarehe 19 Oktoba 2023, iliyozungumzwa kidogo kuliko zote ndiyo naiona ya maana zaidi kwa hospitali: Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo. Inaruhusu hospitali ya umma kubaki na mapato yake na kuyatumia kwa bajeti iliyoidhinishwa. Makelele yote yalielekea kwenye sheria ya bima, ambayo Mahakama Kuu iliitangaza kuwa kinyume cha Katiba Julai 2024, kabla ya Mahakama ya Rufani kusimamisha uamuzi huo Septemba. SHA ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, na NHIF, iliyodumu tangu 1966, ikafungwa.

Tanzania ilipita njia inayofanana kwa utulivu zaidi. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za benki za zahanati, vituo vya afya na hospitali, badala ya kusubiri halmashauri. Mganga mfawidhi wa zahanati ya kijijini akajua ana kiasi gani, na kamati ya kituo ikawa na kitu cha kujadili.

Kubaki na mapato, hata hivyo, hakumsaidii ambaye mapato hayajamfikia. NHIF ilipofungwa iliacha madeni kwa hospitali ambayo vyama vya hospitali vilikadiria kuwa takriban shilingi bilioni 30. Machi 2025 Rais William Ruto aliagiza vituo vinavyodai shilingi milioni 10 kwenda chini vilipwe deni lote, na madai makubwa zaidi yahakikiwe kwanza. Uhakiki ni wa haki. Wapo waliodai fedha za wagonjwa ambao hawakulazwa, na mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha vituo kadhaa kwa tuhuma za namna hiyo. Lakini uhakiki usio na tarehe ya mwisho unamwadhibu mwaminifu pamoja na mwizi.

Mkoba wa mnunuzi, yaani SHA, wenyewe una tundu. Chini ya NHIF, mwenye mshahara wa shilingi 100,000 alichangia 1,700 kwa mwezi, na hapo ndipo palikuwa kikomo. Sasa anakatwa asilimia 2.75 bila kikomo, yaani 2,750. Mama mboga na mwendesha boda boda hupimwa uwezo wao, mchango usipungue shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Ukiishi kwa mapato ya siku, mkupuo huo ni mlima. Ndiyo sababu mwaka 2025 ukaletwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole. Wasiochangia wakiwa wengi, waajiriwa hubeba mzigo wote, na makato yao peke yake hayawezi kulisha kila wodi nchini.

Namna ya kununua nayo ina matokeo yake. Ukilipa kwa siku za kulazwa, kama NHIF ilivyozoea, mgonjwa hukawia kitandani. Ukilipa kwa kila kipimo, vipimo huongezeka. Bei moja kwa tukio zima, kama ile ya uzazi, humpa msimamizi sababu ya kubana matumizi, ila ikiwa ndogo mno mgonjwa mgumu husukumwa hospitali nyingine. Thailand, iliyoanza bima ya wote mwaka 2002, hulipa huduma za nje kwa idadi ya watu waliosajiliwa na za kulazwa kwa aina ya ugonjwa ndani ya bajeti yenye mpaka. Hospitali kule hujua mapema mwaka wake wa fedha utakavyokuwa.

SHA na ichapishe kila mwezi, hospitali kwa hospitali, kiasi kilichodaiwa, kilicholipwa, kilichokataliwa na sababu yake, pamoja na umri wa kila deni. Mabunge ya kaunti nayo yaiulize serikali ya kaunti, kila robo mwaka, kama akaunti za hospitali ziko mikononi mwa hospitali. Nawe msomaji, ukikutana na mwakilishi wa wadi yako, muulize hospitali ya kwenu inadai kiasi gani na tangu lini.