Mama anaposahau na kukasirika: dawa za homoni zafaa nini?

Katika nyumba nyingi hutokea jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona tu. Mama aliyefikia miaka 48 au 50, ambaye siku zote alikuwa mpole na mwenye kukumbuka kila kitu, aanza kukasirika kwa sababu ndogo. Asahau jina la jirani. Atia chumvi mara mbili katika mboga. Alia wala hajui alilialo. Mumewe hudhani kwamba hampendi tena. Majirani husema amelogwa. Naye mwenyewe huogopa kwamba akili zamtoka. Tungependa kulieleza jambo hili, kwa maana penye kutojua amani ya nyumba huvunjika upesi.

Katika mwili wetu mna homoni, ambazo ni kama wajumbe: hutengenezwa na tezi, na damu huzipeleka mahali penye kazi. Homoni moja ya wanawake huitwa estrojeni, nayo hutoka hasa katika ovari. Mwanamke akaribiapo miaka 50, estrojeni hupanda na kushuka kwa muda wa miaka kadhaa, hata hedhi ikome kabisa. Tena homoni hiyo hufanya kazi katika ubongo pia. Ndiyo sababu usingizi, furaha na kumbukumbu huguswa. Na mtu aamshwaye na joto na jasho mara nne kwa usiku mmoja, atakumbukaje vema kesho yake?

Je, akili zimepotea? Sivyo. Huko Marekani wataalamu walipima kumbukumbu za wanawake 2,362 kwa miaka kadhaa, wakatoa habari zao mwaka 2009. Waliona kwamba karibu na kukoma kwa hedhi uwezo wa kujifunza ulipungua kidogo, kisha baadaye ulirudi. Basi kwa wengi hali hiyo hupita.

Madaktari wanayo dawa ya homoni, ya vidonge au ya kubandika juu ya ngozi. Dawa hiyo hupunguza sana joto na jasho. Usingizi ukirudi, mara nyingi na moyo hutulia. Lakini tusiifanye dawa ya kumbukumbu. Mwaka 2015 ilitangazwa habari ya wanawake 693 ambao hedhi yao ilikuwa imekoma si zamani. Baada ya miaka ipatayo minne, kumbukumbu za waliotumia homoni hazikuwa bora wala mbaya kuliko za wale waliopewa vitu visivyo na dawa. Waliomeza vidonge walipungukiwa kidogo na huzuni na wasiwasi. Waliotumia dawa ya kubandika hawakuona tofauti hiyo.

Tena wakati wa kuanza una maana kubwa. Mwaka 2003 ilijulikana kwamba wanawake wa miaka 65 na zaidi, waliopewa homoni mbili pamoja, walipata ugonjwa wa kupotewa na akili maradufu: 45 kwa mwaka katika kila 10,000, na wale wasiopewa 22 tu. Kwa hiyo bibi mzee asianze dawa hiyo ili kulinda akili zake.

Dawa hiyo isinunuliwe sokoni, wala dada asimgawie dada yake. Mwenye tumbo la uzazi huhitaji pia homoni ya pili, projestini, ili estrojeni isimletee kansa humo. Na wengine projestini huwatia huzuni. Wakiona hivyo, wamwambie daktari, ili abadili kipimo au namna ya dawa. Aliyewahi kuugua kansa ya matiti, au damu kuganda katika mishipa, aseme mapema. Hata upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo huleta usahaulifu. Kwa hiyo kupimwa hutangulia. Na huzuni ikizidi majuma mawili, au ikiondoa hamu ya kuishi, msikawie kwenda hospitali.

Nanyi waume, msihesabu kila neno la hasira. Mwulizeni mke wenu kama amelala. Nanyi wanafunzi, mama akiwauliza jambo lile lile mara mbili, mjibuni mara mbili kwa sauti ile ile.