Pepe na Upepo wa Andalusia

Mei 2003, katika kitengo cha Quinzaine des Réalisateurs cha tamasha la Cannes, ilioneshwa filamu ya katuni ya Kijapani ya dakika 47 tu: "Nasu: Summer in Andalusia". Kitarō Kōsaka, aliyeiongoza kwa studio ya Madhouse, alikuwa amesimamia uchoraji katika filamu za Hayao Miyazaki, ikiwamo "Spirited Away". Zaidi ya hapo, ni mpenzi mkubwa wa baiskeli, na hilo linaonekana katika kila picha.

Hadithi, iliyotokana na kitabu cha katuni cha Iō Kuroda, inamfuata Pepe Benengeli, mwajiriwa wa timu ndogo katika Vuelta a España, mashindano ya baiskeli ya wiki tatu ya kuizunguka Hispania. Siku hiyo njia inapita kijijini kwao, na siku hiyohiyo kaka yake Ángel anamwoa Carmen, aliyekuwa mchumba wa Pepe kabla hajaenda jeshini. Akiwa barabarani, redio ya timu iliyosahauliwa bila kuzimwa inamletea maneno asiyopaswa kuyasikia: mdhamini anataka aachishwe kazi.

Asiyefuatilia mchezo huu atauliza kwa nini Pepe asichomoke tu akaenda zake. Kinachomzuia ni hewa. Kwenye tambarare, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, nguvu nyingi za miguu huishia kuisukuma hewa. Mwendo ukiongezeka maradufu, ukinzani wake huwa mara nne. Anayejibanza nyuma ya mwenzake huokoa karibu theluthi ya nguvu zake, na katikati ya msafara huokoa zaidi. Kwa hiyo kila timu ina watu ambao kazi yao ni kukinga upepo, kusambaza chupa za maji na kumfikisha kiongozi wao karibu na mwisho akiwa bado na pumzi. Waliofuatilia mbio za dunia za Kigali, Septemba 2025, waliwaona: wanajituma saa nzima mbele, kisha wanaachwa nyuma na kusahauliwa.

Pepe ni mmoja wao. Anapotangulia peke yake kwenye jua kali, walio nyuma wanapokezana kukata upepo. Yeye hana wa kumpokea. Kōsaka haharakishi sehemu hii. Anakaa na mabega yanayoyumba, na shingo inayogeuka kupima umbali uliobaki kati yake na msafara.

Mita za mwisho ndizo hasa zinazostahili pazia kubwa la sinema. Mistari nadhifu ya uchoraji inavurugika, nyuso zinapindapinda, meno yanatoka nje. Ni uamuzi wa kijasiri, na ni wa kweli kuliko picha nyingi za runinga, kwa sababu kamera ya kawaida haiwezi kuonesha maumivu yanavyoukunja mwili kutoka ndani.

Mwaka 2007 Kōsaka alimrudisha Pepe katika sehemu ya pili, safari hii kwenye Japan Cup ya Utsunomiya. Mwandaaji yeyote wa tamasha angefanya vyema kuzionesha zote mbili katika kikao kimoja, ya Andalusia kwanza.