Nani Alibeba Mzigo? Neno Kuhusu Vitabu vya Safari na Historia

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna ugonjwa mmoja. Tukisikia neno "kitabu", akili inakimbilia riwaya, tamthiliya na diwani. Nathari isiyo ya kubuni tumewaachia wenzetu wa Historia, nao huipekua kutafuta tarehe. Mara chache wanauliza imesimuliwaje. Makala haya yananuia kuziba pengo hilo kidogo. Nitalinganisha vitabu vichache vya kweli vya safari, hatari na historia, kisha nitapendekeza kipi kianze na kipi kifuate. Kipimo changu ni kimoja: katika kila kisa, nani alibeba mzigo, na je, kitabu kimemhesabu?

Kipimo hicho sikukipata darasani. Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Same, nimekaa barazani na kitabu cha J. H. Patterson, The Man-Eaters of Tsavo. Tsavo kwetu si mbali: ukivuka Mkomazi, mbuga iliyo jirani na mji wetu, na kupita mpaka wa Kenya, umeshaingia Tsavo Magharibi. Bibi yangu, aliyekuwa ameteremka kutoka Mbaga kuja hospitali, akaniona nashtukashtuka peke yangu. "Wewe mume wangu, kuna nini humo?" Nikamsimulia jinsi simba wawili walivyovamia kambi za wajenzi wa reli mwaka 1898, na mhandisi Patterson alivyowawinda kwa miezi hadi akawaua mwezi Desemba. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sasa hao walioliwa walikuwa watoto wa nani?"

Nikarudi kitabuni. Patterson, katika toleo la 1907, anataja Wahindi 28. Waafrika anasema walikuwa makumi, ila hakuna aliyeweka kumbukumbu yao. Miaka ya baadaye yeye mwenyewe alitaja jumla ya watu 135. Mwaka 2009 watafiti waliochunguza nywele na mifupa ya simba hao wakakadiria kama watu 35. Simba wenyewe wamehifadhiwa Chicago, ndani ya makumbusho. Yaani mla ana kabati la kioo, mliwa hana hata jina!

Kifani, kitabu ni kitamu, na nisiwe mnafiki: nilikimaliza kwa siku mbili. Taharuki yake imejengwa kwa ustadi. Msomaji anakesha gizani pamoja na mwindaji, anasikia kila jani likivunjika. Lakini nafsi ya kwanza ni dirisha na ni ukuta pia. Tunaona anachokiona aliyeshika bunduki tu. Wenye makoleo wanabaki kelele za usiku.

Basi tutoke kwa mgeni tuje kwa mwenyeji. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe, ilichapwa Ujerumani mwaka 1902 na 1903 kwa juhudi za Heinrich Brode, W. H. Whiteley akaja kuitafsiri kwa Kiingereza. Hii ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa katika Kiswahili. Ukitaka kufaidi, isome sambamba na Through the Dark Continent cha H. M. Stanley (1878), kwa sababu watu hao wawili walikutana Kongo mwaka 1876 na kila mmoja akasimulia. Stanley anapamba: msitu, giza, hatari. Tippu Tip hana muda wa kupamba; anasimulia kama mfanyabiashara anayesoma daftari lake: tulikwenda, tukapigana, tukapata pembe. Hata habari ya fedha walizoahidiana hailingani. Tippu Tip analalamika kwamba baada ya taabu zote zile, Stanley alimpelekea picha yake. Mimi nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Lakini kicheko hicho kina mwisho. Ukimwuliza Tippu Tip swali la bibi, naye anashindwa. Pembe zile zilibebwa na vichwa vya watu, na wengi wao walikuwa watumwa. Katika masimulizi yake wao ni idadi, kama shehena. Kwa hiyo wanaodai kwamba kitabu kikiandikwa na mtu wa huku basi kinasema kwa niaba yetu sote wafikiri tena. Mwandishi kuwa mwenyeji hakutoshi. Lazima tuulize amekaa upande gani wa msafara.

Upande wa pili tunaupata katika Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela (1934), kinachosimulia habari za watu waliotekwa, wakaokolewa na kuishi Freretown, Mombasa. Hapa hatimaye mbeba mzigo anazungumza. Wahakiki wamekilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ni ya haki: kuna kurasa unadhani unasoma risala ya shukrani. Hata hivyo, sehemu za kutekwa na kutembezwa hadi pwani zina uzito ambao Stanley hanao.

Kuna pia kitabu kinachogeuza meza. Katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa Carl Velten wa mwaka 1901, yumo Selim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake, Dkt. Bumiller, hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Huyu ni mtumishi, si bwana wa safari. Anawatazama watu wa huko kama wasafiri wa Ulaya walivyozoea kututazama sisi: mavazi yao, vyakula vyao, nyumba zao. Hana hasira wala hajidai. Kwa ucheshi wa kimyakimya, sijaona anayemzidi.

Sasa nirudi karibu na nyumbani. Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, kilichotolewa kwa sehemu kati ya 1895 na 1907 na wamisionari wa Magila, ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kinaanza na Mbegha mwindaji aliyekuja kutawala Usambara, kinafika kwa Kimweri, kisha mgawanyiko na vita vya warithi. Anayesafiri kwa basi kutoka Tanga kwenda Same hupita Mazinde na kununua machungwa dirishani. Ni palepale alipokaa Semboja, ambaye vita vyake vilitikisa nchi mpaka kwetu Upareni. Mwandishi anachanganya ngano na tarehe, na mtu wa Historia atakunja uso. Mwanafunzi wa fasihi afurahi: hapa simulizi ya mdomo inaonekana ikigeuka kuwa kitabu.

Na Upare wenyewe? Tunacho kisa kinachostahili kusimama pamoja na hivi vyote. Miaka ya 1940 wakoloni walileta kodi mpya ya kupanda kwa kadiri ya mali, ikapachikwa jina la ushuru wa jadi, mbiru. Januari 1945 maelfu ya watu waliteremka milimani wakaja kukaa bomani Same, bila silaha, wakikataa. Wanawake wa Usangi nao walimkabili mkuu wa wilaya: ama awarudishie waume zao, ama yeye awe mume wao wote. Hatimaye kodi hiyo ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo ameieleza mbiru vizuri katika kijitabu chake cha mwaka 1971, lakini kwa Kiingereza na kwa kalamu ya mwanahistoria: sababu, hatua, matokeo. Vumbi la Same, njaa na nyimbo hazikuwa kazi yake. Ni kazi yetu.

Pendekezo langu basi ni hili. Anza na Patterson ili ujue taharuki ni nini. Fuata na Tippu Tip ukiwa na Stanley pembeni, ujifunze kutomwamini msimulizi. Mbotela na Selim watakuonyesha walio chini ya mzigo. Wakilindi ukisome mwisho, taratibu, wala usidese muhtasari wa mwenzio. Utamu wote utabaki kwenye daftari lake.

Nilipomweleza bibi habari za kijitabu cha Kimambo, alinyamaza kidogo. "Baba yangu alishuka nao," akasema. "Mimi nilikuwa mtoto. Alibeba mahindi na maharage mengi, maana hakwenda kupigana, alikwenda kukaa." Kabla ya siku hiyo hakuwahi kuniambia, na mimi, mwanafunzi wa fasihi, sikuwahi kumwuliza. Nimeshaandika kurasa kumi na moja. Wenzangu mnaotoka Ugweno, Usangi, Gonja na Chome, wazee wenu wanasemaje?