Moduli mpya katika programu huria: kipande ambacho Uvira inaweza kujiongezea

UVIRA – Katika mji huu wa Kivu Kusini kuna hesabu mbili ambazo kwa miaka zilikaa mbalimbali. Moja ni ya Regideso: maji kiasi gani yametoka kiwandani leo kuelekea mabomba ya mji. Nyingine ni ya kituo cha kutibia kipindupindu, au kolera kama wengi wanavyosema hapa: nani ameingia, tarehe gani, na anatoka kartie gani.

Watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine waliziweka hesabu hizo pamoja, kwa miaka ya 2009 hadi 2014, wakatoa majibu mwaka 2015. Waliona kwamba siku moja bila maji ya bomba inafuatwa na siku 12 ambamo wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kolera wanaongezeka kwa wastani wa asilimia 155. Yaani wanazidi mara mbili na nusu. Karibu robo ya wagonjwa wote walioingia kituoni katika miaka hiyo walihusishwa na upungufu wa maji ya bomba.

Ni habari kubwa, lakini ilifika kwa kuchelewa. Mtu aliyekunywa maji yenye vijidudu vya kolera anaweza kuanza kuumwa kati ya saa 12 na siku 5. Muuguzi anayepanga vitanda, seramu na klorini anahitaji kuambiwa kesho yake asubuhi kwamba jana bomba lilikauka. Ripoti ya ugonjwa huu inayopanda ngazi kila wiki inaweza kumkuta wagonjwa wameshajaa.

Kinachohitajika hapo si programu mpya nzima ya kompyuta. Ni kipande kimoja cha kuongeza juu ya programu iliyopo. Watu wa informatike wanakiita moduli.

Chumba kipya, nyumba ile ile

Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi. Kila mtu anaruhusiwa kuyasoma, kuyabadilisha na kuyagawa, akifuata leseni yake. Programu nyingi za namna hiyo zimejengwa ili mtu aongeze chumba bila kugusa kuta za nyumba. Chumba hicho ndicho moduli. Kikiharibika, kinaondolewa na nyumba inabaki imesimama.

Mfano mzuri uko karibu na sisi. OpenMRS, programu ya kutunza fishi za wagonjwa, ilianza kutengenezwa mwaka 2004 na waganga kutoka Marekani waliokuwa wakishirikiana na Wakenya katika matibabu ya ukimwi huko Eldoret. Ilianza kazi Eldoret Februari 2006, kisha Rwinkwavu, Rwanda, Agosti mwaka huo huo. Tangu mwanzo ilijengwa kwa moduli, kwa sababu hospitali mbili hazifanani. Kenya iliongeza vipande vyake na kupata KenyaEMR, Uganda nayo ikapata UgandaEMR. Vijana wa Kampala na Nairobi wamekuwa kati ya waandikaji wa programu yenyewe.

Kwa upande wetu, wizara ya afya ya Kongo inakusanya takwimu za zoni za afya kwa DHIS2, programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka. Nayo inapokea vipande vipya. Januari 2020, kabla Covid-19 haijasambaa duniani, wataalamu wa Sri Lanka waliongeza humo sehemu ya kufuatilia wasafiri wanaoingia nchini mwao. Oslo ilitengeneza toleo la wote kwa kufuata kazi hiyo, na nchi nyingi zikalichukua. Kipande kilichozaliwa kwa haja ya nchi moja kiliwafaa watu ambao waandikaji wake hawakuwahi kuwaona.

Njia ya kuingia

Kijana wa Kalundu au Kavimvira anayejua kuandika programu hahitaji barua ya mkubwa ili kuanza. Lakini kuna utaratibu, na wanaoupuuza kazi yao hukaa pembeni.

Kwanza, anatafuta kama kuna mwingine aliyekwisha kufanya kazi hiyo. Mara nyingi yupo, na kumsaidia ni bora kuliko kuanza upya. Pili, anaeleza wazo lake hadharani kabla ya kuandika: shida ni ipi, nani ataitumia, kwa nini programu ya sasa haitoshi. Tatu, anaanza na kitu kidogo. Miradi mingi huweka alama kwenye kasoro nyepesi kwa ajili ya wageni. Kurekebisha moja, au kutafsiri maneno ya fomu, kunamfanya ajulikane na kunamfundisha desturi za wenyeji.

Ndipo anachukua nakala, anaandika moduli, anaweka majaribio yanayojiendesha yenyewe, na kuomba ikaguliwe. Mkaguzi atauliza maswali mengi: kwa nini umeandika hivi, umeme ukikatika katikati itakuwaje? Wengine hukasirika hapo. Ukaguzi huo ndio kinga ya mgonjwa ambaye fishi yake itapita ndani ya maandishi hayo.

Jambo moja halina mjadala: majina ya wagonjwa wa kweli hayaingii katika majaribio. Maandishi yako wazi kwa dunia nzima, lakini siri ya mgonjwa inabaki siri. Wanaojaribu wanatumia majina ya kutunga.

Kizuizi kikubwa hakiko kwenye kompyuta

Matatizo ya Uvira yanajulikana. Umeme unakatika. Kushusha vifaa vya kazi kunakula mega nyingi. Mazungumzo mengi ya miradi hii yanafanyika kwa Kiingereza, na shule zetu zinafundisha kwa Kifaransa. Haya yana dawa: vijana kushusha vifaa mara moja na kugawana kwa flashi, kuandika bila intaneti na kutuma jioni. DHIS2 yenyewe ina programu ya simu inayopokea takwimu bila mtandao na kuzituma baadaye.

Ugumu zaidi uko kwingine. Moduli ya maji na kolera ingehitaji Regideso ikubali kutoa hesabu yake kila siku. Ingehitaji zoni ya afya ikubali kuipokea, na muuguzi aandike kartie ya mgonjwa kwa namna moja kila mara. Utafiti wa 2015 ulionyesha kwamba kukatika kwa maji kulileta madhara zaidi katika kartie zilizozoea kupata maji ya bomba. Kwa hiyo jina la kartie likikosewa, hesabu inapotea. Mwandishi wa programu asiyewahi kukaa na muuguzi huyo atatengeneza kitu kizuri kisichotumika.

Tena, moduli inahitaji mlezi. Programu mama hubadilika, na kipande kisichofuatwa huacha kufanya kazi baada ya matoleo machache. Mradi wa msaada ukiisha na waandikaji wakaondoka, kituo kinarudi kwenye daftari. Ndiyo sababu ni afadhali watu watatu wa Uvira wanaoielewa kuliko bingwa mmoja wa mbali. Maandishi yakiwa wazi, hata wa nne anaweza kuokota kazi pale ilipoachwa.

Wanafunzi wa informatike wanaotafuta somo la kazi yao ya mwisho wa masomo wana swali tayari mkononi. Wanaweza kuanza wiki hii, bila franga za mfadhili: waende kumuuliza muuguzi anaandika nini anapompokea mgonjwa, na wamuulize mtu wa Regideso anaandika nini bomba likikauka. Moduli itaanzia kwenye majibu hayo mawili.