Walianza kufa siku ya ngapi?

Ndugu msikilizaji, wiki mbili zilizopita nilikuwa Maili Moja, Kibaha, kwa mama mmoja aliyenipokea na boksi la viatu mkononi. Ndani mlikuwa na vifaranga 14 wa kware, wote wamekufa usiku mmoja. Alinunua 100 kwa fedha alizokopa kwenye kikundi chao, na siku ya tano alibaki na 41. Mezani zilikuwapo chupa tatu za dawa. "Mwanangu," aliniuliza, "nimeuziwa ugonjwa, au kuna mkono wa mtu?"

Nami nikamwuliza: "Mama, walianza kufa siku ya ngapi?"

Swali hilo si la bure. Kibaha ni mji unaojua kuku. Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na mradi wa nchi za Nordic wa mwaka 1963, limechangia sana ujuzi huo. Lakini ujuzi wa kuku ukichukuliwa mzimamzima, unaua kware. Kifaranga wa kuku huanguliwa akiwa na gramu 40 hivi. Wa kware ana gramu 7 au 8, uzito wa kijiko cha chai kilichofurika sukari. Kama chai ya kikombe inavyopoa kabla ya chai ya birika, ndivyo mwili huo mdogo unavyopoteza joto upesi.

Basi tuhesabu siku.

Siku ya kwanza na ya pili, tuhuma iangukie baridi, uchovu wa safari na maji. Wiki ya kwanza kifaranga huyu anataka joto la nyuzi 35 hadi 37, kisha hupunguzwa nyuzi 3 hivi kila wiki mpaka aote manyoya. Huna kipimajoto? Watazame wenyewe. Wakijirundika chini ya balbu na kulia, wana baridi. Wakikimbilia pembeni huku wakihema midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika na kula, mambo ni sawa. Na chombo cha maji cha kuku, kwao ni bwawa la kuzama. Tumia kisahani kifupi, ukijaze golori au kokoto safi.

Siku ya tatu hadi ya tano, tuhuma ihamie kwenye njaa. Kifaranga huanguliwa na akiba ya kiini cha yai tumboni, inayomtosha siku mbili tatu. Asiyejifunza kula huonekana mzima mpaka akiba iishe, kisha huanguka ghafla. Hapo ndipo wengi wetu hukimbilia dukani kununua dawa, kumbe chembe za chakula ni kubwa kuliko mdomo. Chakula kisagwe tena, na kiwe na protini ya asilimia 24 hivi, zaidi ya kile cha vifaranga wa kuku. Tandika gunia au kitambaa kikavu, kwani juu ya gazeti tupu huteleza, miguu ikapanuka, wasisimame tena.

Ukiona matumbo yamevimba na vitovu vibichi, shuku uchafu wa mashine ya kutotolea, umrudie aliyekuuzia. Vifo vikianza wiki ya pili na kuendelea, pamoja na kuhara, sasa ugonjwa una nafasi kubwa. Mpelekee afisa mifugo kifaranga aliyekufa muda huo huo, asiyeoza, kabla hujanunua chupa yoyote.

Kisarawe nilimkuta kijana aliyepoteza karibu vifaranga wote wa mkupuo wake wa kwanza. Mkupuo wa pili alinunua daftari, akawa anaandika kila asubuhi: wamekufa wangapi, wamelala wapi, usiku umeme ulikuwapo? Daftari lilimfundisha kuwa wengi hufia kwenye kona. Wakipata baridi hurundikana humo, wa chini wakakosa hewa. Leo amewazungushia duara la boksi lisilo na kona, na umeme ukikatika anawasha jiko la mkaa na kulifunika kwa chungu. Dirisha huliacha wazi kidogo, maana hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua kifaranga na mwenye kifaranga.

Homa ya kware iliyoikumba Kenya mwaka 2013 na 2014 ilitufundisha watu kuuliza bei ya yai. Haikutufundisha kuuliza habari za siku saba za mwanzo. Kware jike hutaga akiwa na wiki sita au saba tu, lakini kwanza avuke wiki hiyo moja.

Tukirudi kwa mama wa Maili Moja: wake walianza kufa siku ya tatu, na chakula kilikuwa cha kuku, chembe nzima nzima. Wale 14 walikufa usiku umeme ulipokatika, wakakutwa kwenye kona ya boksi. Chupa zote tatu zisingewasaidia. Tulitwanga chakula kwenye kinu, mjukuu akatoa golori zake, na boksi likakatwa kuwa duara.

Jumapili alinipigia simu. Kati ya 41, wapo 38. Deni la kikundi bado lipo, ndugu msikilizaji, lakini sasa analala karibu na vifaranga wake, na kando ya mto ameweka daftari.